Nizwa Kwanza, Halafu Sur

Kama kuna mtu aliyejua kupanga safari katika mji wa Ibra mzima, ni Khamisa bint Marzouq, na asiyesadiki akaulize. Safari ya watu wawili yeye huipanga kama harusi. Siku nyingi kabla ya kuondoka, sambusa zimeshafungwa na kutiwa kwenye friza, majamvi yamekung'utwa, chupa za chai zimesuguliwa, na gari yake nyeupe imeshakwenda kubadilishwa mafuta. Gari hiyo aliinunua kwa mshahara wake wa ofisi ya elimu. Alijifunza kuendesha ukubwani, mumewe alipofariki, kwa kuwa alichoka kuwaomba waume za watu wampeleke sokoni.

Safari hii alikuwa akiipanga na shoga yake Thuraya, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Ilikuwa mfungo mosi, mwaka tisini na tisa, Idi ndiyo kwanza imepita, hewa baridi, na wote wawili wamekaa chini jikoni kwa Khamisa wakibishana.

"Pwani kwanza," alisema Khamisa. "Tulale Sur, tushuke mpaka Ashkhara tununue papa mkavu, halafu turudi tukapumzike Nizwa."

"Papa mkavu garini, kisha tuingie nao Nizwa tunanuka mji mzima? Miye simo. Nizwa kwanza, halafu Sur. Tukianza Sur, halwa tutanunua wapi?"

"Halwa ya nini, shoga? Pwani watu wanakwenda kula samaki."

"Mtu haendi mikono mitupu, bibi wee! Nyinyi watu wa bara haya mambo hamyajui."

Khamisa akacheka. Miaka ishirini na kitu alikuwa akiambiwa "nyinyi watu wa bara" na miaka ishirini na kitu alikuwa akicheka. Yeye kazaliwa Kigoma, baba Mwarabu wa hapa hapa Ibra, mama Mmanyema. Thuraya kazaliwa Unguja mjini, baba na mama wote Waarabu, na haipiti siku bila kukukumbusha. Waliporudi Oman, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kila mmoja alijikuta kaolewa katika mji ambao wanawake waliwacheka Kiarabu chao mpaka machozi yakawatoka. Wakashikana. Kiswahili cha mmoja kilikuwa cha ziwani na cha mwenzake cha Vuga ya Unguja mjini, lakini kilikuwa Kiswahili, na katika siku zile hicho kilitosha kuwafanya ndugu.

Na udugu wenyewe haukuwa wa maneno matupu. Thuraya alipomzaa Sinan, mama yake yuko Unguja hawezi kuja, aliyemkanda ni Bi Asya, mama yake Khamisa. Arubaini nzima Bi Asya alivuka ua na birika ya maji ya moto, akamkanda tumbo, akamfunga mkaja, akampikia uji wa pilipili manga. Na Khamisa alipomzaa Hala, siku ya saba Thuraya aliingia na bangili ya fedha, akamvisha mtoto, akasema mbele ya wanawake wote waliokuwapo: "Huyu mke wa Sinan. Mtu asimguse!"

Watu walicheka siku ile, lakini lilikuwa neno, na neno limewekwa. Hala alikua akilijua. Sinan alikua akilijua. Wachumba wawili walikuja kwa Khamisa, wote watu wa maana, akawarudisha kwa adabu. "Binti ana mwenyewe," aliwaambia. Sasa Sinan kamaliza masomo, kapata kazi nzuri Maskati, na Hala kafika miaka ishirini na mbili, anasomesha watoto, na kila hodi ikipigwa anatazama mlango.

Sasa, mtu atauliza: Khamisa kwa nini asimtazame shoga yake usoni akamwuliza, jamani, vipi, lini? Ah! Anayeuliza hivyo hana binti. Mwenye binti haulizi. Mwenye binti anangoja, hata kama anaungua. Akiuliza, kesho mji mzima unasema anamtembeza mwanawe. Kwa hiyo Khamisa alikuwa akisoma ishara. Na ishara, wallahi, zilikuwa nyingi.

Kwanza, safari yenyewe ni Thuraya aliyeitaja, na mfungo mosi ndio mwezi wa kuposa. Pili, Bwana Khalaf, mume wa Thuraya, mtu ambaye humnyima mkewe ruhusa ya kwenda hata Izki, safari hii alitoa ruhusa bila kikohozi. Tatu, Khamisa aliposema Hala naye aje akapunge hewa ya bahari, Thuraya alimkatiza haraka.

"Mwache Hala. Safari hii ya watu wazima."

Moyo wa Khamisa ukaruka. Aa, kumbe! Msichana hachukuliwi kwenda kununuliwa vitu vyake mwenyewe. Usiku ule alimwambia Hala kwa mafumbo, na Hala, ambaye mafumbo ya mama yake anayajua tangu utotoni, akaficha uso kwenye mto.

"Mama, akisema neno lolote, nipigie."

"Nitakupigia."

"Hata kama neno dogo."

"Nimekwambia nitakupigia, mwana wee, nipumzishe!"

Wakaondoka asubuhi, Khamisa kwenye usukani na Thuraya pembeni yake anamenya machungwa. Walipita Izki jua limeshapanda, wakafika Nizwa kabla ya adhuhuri, wakachukua chumba katika hoteli ndogo nje ya mji yenye bustani ya mitende. Walikula vizuri, walilala vizuri, walicheka. Thuraya alikuwa mtamu siku zile kuliko siku zote. Alimsifu Khamisa anavyoendesha. Alizisifu sambusa, yeye ambaye hajawahi kukisifu chakula cha mtu bila kukitafutia kasoro.

Sokoni walikwenda siku ya pili. Thuraya alinunua halwa, si ile ya kopo dogo ya kula na kahawa, bali beseni kubwa la kauri, ya zafarani na lozi, limefungwa karatasi ya kung'aa. Khamisa aliona, akaihesabu ishara ya nne. Kisha wakaingia kwa sonara.

"Lete kidole," Thuraya akasema.

"Changu? Changu kimenenepa, shoga."

"Lete tu, nataka kuona. Cha msichana si kitakuwa chembamba kidogo?"

"Kidogo tu," Khamisa akajibu upesi, maana kidole cha Hala alikijua kama anavyojua chake mwenyewe.

Sonara akatoa pete mbili. Moja ya maua matupu, moja ina jiwe la feruzi. Thuraya akawa anamvisha hii na hii, hajui aichukue ipi. "Nichagulie weye," akasema. "Jicho lako zuri." Khamisa akaichagua ya feruzi, kwa kuwa Hala anapenda feruzi. Akaivua kidoleni polepole, akamkabidhi shoga yake, na ilibidi ageuke atazame mabuli ya fedha yaliyotundikwa ukutani ili machozi yasimwonekane.

Jioni, Thuraya yuko msalani anatawadha, Khamisa alishuka mapokezi akaomba simu.

"Kasema?" Hala aliuliza, hata salamu hakutoa.

"Bado hajasema. Lakini pete imenunuliwa. Nimeichagua mwenyewe."

Kule upande wa pili kikasikika kicheko kidogo cha mtu aliyejiziba mdomo. Khamisa aliweka simu akiwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote waliokuwamo katika nchi ile.

Kutoka Nizwa kwenda Sur, lazima urudi mpaka Ibra uipite. Walipokaribia njia ya kuingilia mtaani kwao, Khamisa akapunguza mwendo.

"Tuingie tunywe chai? Tumchukue na Hala basi, kununua kwenyewe si kumekwisha."

"Kunywa chai nini, tutachelewa! Wanatungoja."

"Nani anatungoja?"

"Watu. Jamaa zetu wa Unguja, wamehamia Sur. Endesha, Khamisa, yallah."

Khamisa akaendesha. Aliona paa la nyumba yake likipita upande wa kulia, na shuka za Hala zimeanikwa juu. Akajiambia, mtu na jamaa zake, labda anakwenda kuwapa habari kabla ya posa, ndiyo heshima ya watu wa Unguja. Moyo unaotaka jambo hauishiwi na maelezo.

Sur walifika mchana. Waliweka mizigo kwenye nyumba ya kupangisha karibu na pwani, na Khamisa, mtoto wa ziwani, akavua viatu akaenda kuyakanyaga maji. Alimwita mwenzake aje. Thuraya alibaki barazani anapiga pasi shela yake ya hariri.

"Vaa vizuri," alimwambia Khamisa aliporudi. "Ile nguo yako ya kijani. Na ujitie udi."

"Makubwa! Tunakwenda kwa jamaa zako au kwa sultani?"

"Vaa tu, shoga yangu. Nakutegemea weye leo."

Nyumba waliyoiendea ilikuwa ya Bi Fakhriya, mjane mnene, mchangamfu, Kiswahili chake kitamu cha kisiwani. Aliwapokea mlangoni, akawabusu, akalipokea beseni la halwa kwa mikono miwili. Khamisa ndiye aliyekuwa amelibeba. Ndani kumefukizwa, mito mipya, sahani zimejaa visheti na mkate wa kumimina, na wanawake watatu wa makamo wamekaa wima wamevaa dhahabu zao zote. Khamisa akaketi. Akaanza kuhisi kitu hakikai sawa, kama mtu aliyeingia nyumba siyo na watu wanamkaribisha kwa jina.

Kisha akaingia msichana amebeba sinia ya finjani. Mikono ina hina mbichi mpaka kwenye viwiko, macho chini, kapakwa wanja. "Shikamooni," akasema kwa sauti isiyosikika. Thuraya akasogea upesi, akampigia mto na kiganja. "Marahaba mwanangu. Tahani, njoo ukae hapa karibu yangu, nikuone."

Mwanangu!

Hapo ndipo Khamisa alipojua. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Hina, halwa, pete, udi, wanawake wa makamo wamekaa wima. Alikwishawahi kuwapeleka watu kuposa, anaujua mpangilio wake wote, na alikuwa ndani yake tangu juzi hajijui.

"Sasa," Bi Fakhriya akasema huku akimimina kahawa, "kijana tumemsikia kwa mbali. Tunataka kumsikia kwa karibu."

Na Thuraya, bila ya kumtazama mwenzake, akaweka mkono kwenye goti la Khamisa. "Miye mama, na mama hamsifu mwanawe, nyinyi mnajua. Nimekuja na shahidi. Huyu jirani yangu, si ndugu yangu wala si jamaa yangu, kamwona Sinan tangu kuzaliwa. Mwulizeni yeye, hadanganyi."

Si ndugu yangu wala si jamaa yangu. Khamisa alilisikia neno lile likimwingia na kutulia. Ni kweli desturi ndivyo ilivyo, wa kando ndiye anayesifia, sifa za mama hazihesabiwi. Kumbe ndiyo sababu ya safari. Ndiyo sababu ya sambusa kusifiwa. Alitafutwa mtu wa kando, akapatikana yeye.

Adhana ya magharibi ikamwokoa. Watu wakainuka kwenda kutawadha. Ukumbini, karibu na bomba, Khamisa alimshika Thuraya mkono wa juu, akambana.

"Ni nini hiki?"

"Taratibu, watu watasikia."

"Ni nini hiki, Thuraya? Na pete je? Umenivisha kidoleni!"

"Si miye, wallahi si miye. Wajomba zake Sinan. Walisema harusini hawatakanyaga. Walisema kafaa hakuna, ukoo haulingani. Ningefanya nini? Ungeniuliza, ningekwambia."

"Ningekuuliza? Mwenye binti anauliza?"

Thuraya akatupa jicho mlango wa ukumbi. Kisha akasema, chini chini, na hilo ndilo lililomaliza: "Si wewe, Khamisa. Baba yako hana neno. Ni upande wa mama yako tu."

Khamisa alimwachia mkono. Maji ya bomba yalikuwa yakitiririka na hakuna aliyeyafunga.

"Mama yangu alikukanda," akasema. "Ulipomzaa huyo huyo Sinan. Mikono yake ilikuwa kafaa kwa tumbo lako, Thuraya, siku arubaini. Hukuuliza ukoo. Na binti yangu nimewarudishia watu wawili kwa ajili ya bangili yako."

"Shoga yangu, nakuomba. Usiniaibishe mbele ya watu. Tutazungumza nyumbani. Hala bado mdogo, atapata."

Atapata! Kama mtu aliyepitwa na gari sokoni. Khamisa alitawadha. Aliswali, na katika sijda alikaa muda mrefu, lakini dua haikumjia, alilokuwa akilisikia ni kile kicheko cha Hala kwenye simu, kile kidogo, cha mdomo ulioziba. Nani alimpa mtoto furaha ile? Mama yake. Thuraya hakusema neno hata moja la uongo, alimwachia Khamisa auseme yeye.

Wakarudi kuketi. Sinia ya kahawa ikaja tena, na pete ya feruzi sasa ilikuwa imewekwa katikati, ndani ya kisanduku chake kilicho wazi.

"Haya bibi," Bi Fakhriya akamgeukia Khamisa kwa upole. "Kijana anaswali?"

Msinidanganye, hakuna mwanamke ambaye asingejaribiwa pale. Neno moja tu lilitosha. Asingehitaji hata kusema, angekohoa tu, angetazama chini, angesema "Mungu ndiye ajuaye," na posa ile ingekufa palepale kwenye mkeka. Thuraya alilijua hilo. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Khamisa akamtazama Tahani. Msichana wa watu alikuwa akiyakunja na kuyakunjua mapindo ya nguo yake kwa vile vidole vya hina, na hakuwa na hatia yoyote. Akamkumbuka mama yake, Bi Asya, aliyekuwa akisema kwamba mtu akikuuliza habari ya ndoa amekupa amana, na amana hailiwi hata kwa njaa.

"Anaswali," Khamisa akasema. "Tangu mdogo, bila ya kuamrishwa."

"Ana hasira?"

"Hana. Akikasirika anatoka nje, akirudi yamekwisha."

"Mkono wake vipi, u wazi?"

"Mama yangu mzazi alipougua mwaka wake wa mwisho, kijana huyu alikuwa akitoka chuoni, anambeba mgongoni kumwingiza garini, anampeleka hospitali. Hakumwita bibi wa jirani. Alimwita bibi yangu." Akaiweka finjani chini. "Kijana hana ila. Atakayempata amepata."

Wanawake wakaitikia mashallah, mashallah. Mmoja akapiga kigelegele kidogo kisha akakimeza, kwa kuwa wakati wake ulikuwa bado. Thuraya akapumua. Akajifuta juu ya mdomo na ncha ya shela, akaliminya goti la Khamisa kwa shukurani, na goti likasogea.

"Alhamdulillahi," Bi Fakhriya akasema. "Basi nikuulize la mwisho, unisamehe. Kijana atakuwa kazini Maskati, na mwanangu atakaa Ibra na mkwewe. Huyu ni mwanangu wa pekee. Bi Thuraya yupo hapa, hatachukia, sote watu wazima. Wewe umekaa naye ukuta kwa ukuta maisha mazima. Mama mtu, yukoje?"

Thuraya alikwishaanza kutabasamu. Alikuwa akiitengeneza shela yake mabegani, kama mtu anayengoja kusifiwa na anajua sifa zenyewe. Na kwa nini asingojee? Shahidi hadanganyi, si kasema mwenyewe?

Khamisa aliinywa kahawa iliyobaki mpaka tone la mwisho. Hakuwa na haraka.

"Kijana nimemjua tangu ana siku moja," akasema. "Mama yake nimemjua leo."

Hakuna aliyecheka. Bi Fakhriya alibaki na birika mkononi, akamtazama Khamisa, akamtazama Thuraya ambaye tabasamu lilikuwa limemgandia usoni, akatazama pete. Halafu, taratibu kabisa, akamshika mwanawe kiwiko na kumsogeza upande wake wa mkeka.

Khamisa akaitikisa finjani yake, kama wafanyavyo Waomani mtu akitosheka, akairudisha kwenye sinia.

"Inatosha, bibi, Mungu akuzidishie," akasema. Akafungua mkoba akaanza kutafuta funguo za gari. Ibra kulikuwa na mtu anangoja simu.